Mbwa wa Tano Hajala

Noti za Mama Angélique zilianza kuja safi. Hilo ndilo Chimène aliloliona kwanza, kabla mtu yeyote hajasema neno.

Pesa ya wanawake wanaotwanga pondu ina sura yake. Huja imekunjwa mara nne, ina unyevu, na pembe zake ni za kijani, kwa sababu maji ya majani ya muhogo hayatoki vidoleni hata ukisugua kwa majivu. Chimène alikuwa amezipokea noti za namna hiyo kwa miaka miwili, kila siku kazi ilipomalizika. Sasa Mama Angélique alimpa noti zilizonyooka kama zimepigwa pasi. Alizinusa kwa siri. Zilinukia marashi ya mwanamume, na Tonton Arthur, mume wa Mama Angélique, aliyebeba abiria kwa baiskeli, hakuwahi kununua marashi tangu azaliwe.

Kiwanja chao kilikuwa mtaa wa Kabondo, nyuma ya soko dogo: vinu kumi na viwili chini ya paa la mabati lililotoboka. Wanawake kumi na wawili walitwanga hapo pondu ya kuuza, na wote walikuwa katika likelemba moja. Kila siku isipokuwa Jumapili, kila mmoja alitupa fungu lake. Kila wiki mbili, siku ya Jumamosi, mmoja wao alikula fungu la wote. Aliyeongoza ni Mama Delphine, mama mdogo wa Chimène, na kwa utani na heshima walimwita Prezida. Huyo ndiye aliyemtoa Chimène kijijini Yanonge kwa mtumbwi, mwaka ule mama yake alipofariki na yeye akaacha shule darasa la tano. Sasa Chimène alikuwa na miaka ishirini na mbili, na kazi ya kutunza kopo la pesa ilikuwa yake. Si kwamba alijua hesabu kuliko wengine. Walimpa kwa sababu hakuwa na mdomo.

"Muachieni Chimène," Naomie wa kinu cha tatu alipenda kusema. "Huyu hata nyumba ikiungua, atangoja kwanza aulizwe."

Likelemba yao ilikuwa na sheria moja ya zamani. Mwenye shida aliweza kuomba zamu ya mwenzake na kumwachia yake, lakini mwenye zamu alipaswa kukubali mbele ya wote. Mama Delphine aligonga ukingo wa kinu kwa mchi mara tatu, polepole. Mwenye neno alisema kabla ya pigo la tatu. Baada ya hapo, kimya kilikuwa ndiyo. Ilikuwa sheria nzuri kwa watu wenye midomo. Chimène alikuwa wa tano katika orodha. Zamu yake ilipofika, Mama Angélique aliiomba kwa ajili ya mtoto mwenye homa. Ilipofika tena, Naomie aliiomba kwa ajili ya matanga ya kaka yake. Mara zote mbili mchi uligonga, Chimène akatazama miguu yake, na mara zote mbili wakampigia makofi na kumwita mtoto mzuri. Sasa alikuwa wa kumi na mbili. Nyuma yake hakuna aliyebaki.

Na zamu hiyo aliitaka kuliko walivyojua. Kule kwa Papa Sefu, fundi wa sufuria na mashine, palikuwa na mashine ya chuma ya kusagia pondu, ya kuzungusha kwa mkono. Papa Sefu aliinunua ikiwa kutu tupu, akaitia meno mapya. Siku moja alimruhusu Chimène aijaribu. Beseni zima la majani lilisagika huku mzee akiwa bado hajamaliza kikombe chake cha chai. Kwa mchi, beseni hilo lilikuwa asubuhi nzima na ngozi ya viganja. Mwenye mashine ile angesaga pondu ya soko zima kwa bakuli, kwa malipo. Asingetwanga tena nyuma ya mgongo wa mtu.

"Arbuni sitaki," Papa Sefu alimwambia. "Neno lako linatosha, binti, ijapokuwa hata hilo neno sijalisikia." Kisha akaacha utani. "Lakini iko mama mumoja wa Isangi anaitaka. Jumapili anapanda boti. Nakungojea mpaka Jumamosi saa kumi. Ukikosa, usinilaumu."

Chimène aliitikia kwa kichwa. Jumamosi ndiyo ilikuwa zamu yake.

*

Nyumba ya pari, mahali pa kuchezea kamari, ilikuwa imefunguliwa tangu mwanzo wa mwaka, upande wa pili wa barabara, ndani ya bohari ya zamani ya chumvi. Waliipaka rangi ya njano inayoumiza macho, wakaning'iniza televisheni nne ukutani. Meneja wake aliitwa Dady, kijana mwenye viatu vyeupe ambavyo hata matope ya Kabondo yaliviogopa. Wiki ya kwanza alivuka barabara, akasimama katikati ya vinu.

"Mbote, ba mama. Mimi sikuje kuwauzia kitu."

"Njo vile wanaanza wote," alisema Mama Delphine bila kuinua kichwa.

Wanawake walicheka. Dady naye alicheka, akachuchumaa ili macho yake yawe sawa na yao.

"Hii kazi yenu ya kutupatupa pesa, munaiita namna gani?"

"Likelemba. Kwenu hawana?"

"Bon. Hata kwangu ni likelemba. Munatupa kidogo kidogo, mumoja anakula mingi. Tofauti ni moja tu. Kwenu munangoja miezi sita. Kwangu munangoja dakika ine."

Hakusema zaidi. Alinunua pondu ya bakuli mbili, akalipa kwa noti mpya, hakudai chenji, akarudi zake. Mtu mwovu hujua mahali pa kusimamisha maneno yake.

Mpira wa kweli, wenye majina ya timu za Ulaya, uliwashinda akina mama. Ulihitaji kusoma orodha ndefu kama orodha ya walioitwa mbinguni. Lakini kwenye televisheni ya mwisho walikimbia mbwa. Hawakuwa mbwa wa kweli. Walikuwa picha za kompyuta, sita, kila mmoja na fulana ya rangi yake na nambari mgongoni, na kila dakika nne walikimbia upya kwenye majani ambayo hayakuota popote. Hapo hapakuhitajika shule. Ulitaja nambari, ukatoa pesa, ukapewa karatasi.

Vijana waliokuwa humo waliweka pesa juu ya mbwa aliyeshinda sasa hivi. Walisema ana moto. Akina mama wa pondu waliwacheka mpaka machozi.

"Huyu ametoka kula," Mama Angélique aliwaambia. "Atakulaje tena? Hana haya?"

Wao waliweka pesa juu ya mbwa ambaye hajala. Kama mbwa wa pili hajashinda tangu asubuhi, basi zamu yake imekaribia; nani hajui? Katika likelemba, aliyengoja sana ndiye anayefuata. Mama Angélique alichora mistari ya makaa kwenye ukuta wa kiwanja, safu sita, akahesabu ni nani amelala njaa mbio ngapi. Siku za mwanzo alikula mara mbili. Ndizo zile noti safi, zenye marashi ya Dady. Baadaye mistari ya makaa ikaongezeka, na noti zikakoma kuja, safi au chafu.

"Nitaleta kesho, Chimène."

"Kesho naleta ya siku tatu."

"We mutoto, unaniangalia hivyo kwa nini? Nimekuibia?"

Chimène hakuwa amesema kitu. Alikuwa ameshika kopo tu.

Ile nyumba ilikula mtaa kama mchwa anavyokula mlango: rangi inabaki pale pale, lakini ukigusa kidole kinaingia. Mwanamke aliyekuwa akinunua mafungu matatu ya pondu alinunua moja, akaomba aongezewe maji. Muuza sabuni wa pembeni alifunga meza yake, kisha wakamwona ndani ya bohari, amekaa kwenye benchi la mbele. Watoto walirudishwa kutoka shuleni saa mbili asubuhi kwa kukosa ada, wakapita mbele ya ile rangi ya njano na madaftari kichwani, na baba zao wakawaona kupitia mlango, wakageuza uso. Tonton Arthur aliuza baiskeli yake ili arudishe pesa aliyokopa kwa kuweka rehani jembe la mama yake, akaipoteza. Baada ya hapo alitembea kwa miguu mpaka kwenye bohari, kila siku, kwa uaminifu kuliko alivyowahi kwenda kanisani. Mkewe alimtukana mbele za watu kwa kazi hiyo. Halafu aliingia naye kwa mlango huo huo.

Nyuma ya wavu wa dirisha la malipo aliketi Larissa. Chimène alimjua, kule Yanonge darasa la nne walikaa dawati moja. Larissa aliendelea na shule mpaka akapata cheti, na cheti kilimfikisha hapo, nyuma ya wavu, kupokea pesa yenye rangi ya kijani. Siku moja alivuka barabara kununua pondu, akangoja mpaka wamebaki wawili.

"Chimène, ile kompyuta haijui nani alikula," alisema haraka. "Unanisikia? Haikumbuki kitu. Kila mbio inaanza kama vile mbwa hajapata kukimbia. Mbwa wa tano anaweza kukaa siku nzima bila kushinda, na mbio inayofuata bado hana deni na mutu. Hakuna zamu mle. Waambie mama zako."

Chimène alifunga pondu ndani ya jani. "Kwa nini usiwaambie weye?"

"Mi nikiwaambia, Dady ananifukuza kesho asubuhi. Weye atakufukuza wapi?"

Ilikuwa kweli. Chimène aliahidi kwa kichwa.

Kesho yake alifika kiwanjani na maneno yamejaa mdomoni kama uji wa moto. Alisimama karibu na kinu cha Mama Angélique.

"Unatafuta nini?" Mama Angélique alimwuliza. "Umepoteza sindano? Nenda, pondu inakungoja."

Chimène alienda. Alitwanga. Jioni ile Mama Angélique alirudi kutoka ng'ambo ya barabara ameshika kichwa, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema watamzika kabla ya Pasaka. Chimène alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaendelea kuchambua majani. Siku ya pili ilipita, na ya tatu, na wiki ya nne ikaisha. Maneno yale alikuwa bado nayo.

*

Jumamosi walikusanyika saa nane mchana. Chimène alifungua kopo mbele yao, akapanga noti juu ya kitenge. Hapakuhitajika kuhesabu. Fungu lilikuwa dogo kupita nusu ya lile alilokula mtu wa mwisho. Wanawake saba hawakuwa wametupa chochote kwa wiki mbili nzima, na miongoni mwa hao saba alikuwemo Mama Delphine. Chimène alikuwa amejua. Prezida mwenyewe aliingia bohari kwa mlango wa nyuma, akiwa amejifunika kitenge kichwani kana kwamba ni mvua.

"Bon," alisema Mama Delphine, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea juu ya mayai. "Zamu ni ya Chimène. Zamu haijatimia. Tufanye namna gani?"

"Tumpe hii iliyoko," alisema mama mmoja wa nyuma.

"Hii?" Mama Angélique alisimama. Mikono yake ilikuwa nyeusi kwa makaa. "Hii ni aibu. Mutu angoje miezi sita halafu apewe hii? Nisikilizeni. Mbwa wa tano hajala. Nimekaa pale mlangoni toka asubuhi, tazameni ukuta. Mbio ishirini na moja. Haijapata kufika ishirini na moja. Tukimuwekea hii yote, akila anatoa mara sita. Chimène anapata zamu yake nzima. Na sisi wenye deni, deni limekwisha. Kila mutu analala vizuri."

"Na asipokula?" aliuliza yule mama wa nyuma.

"Ishirini na moja, mama. Weye ungengoja zamu ishirini na moja?"

Walicheka kidogo, kicheko cha watu wanaotaka kuamini. Chimène aliona jinsi nyuso zao zilivyogeukia ukuta, kwenye safu ya tano yenye mistari mirefu ya makaa. Walikuwa wanamhurumia yule mbwa. Walikuwa wanamwona kama mmoja wao, amekaa na njaa, anatupa fungu lake kila siku, anasubiri.

"Pesa ni ya Chimène," Mama Delphine alisema. "Ni yeye anakubali." Hakumtazama mpwa wake. Alichukua mchi, akaugonga kwenye ukingo wa kinu.

Moja.

Chimène aliiona mashine ya Papa Sefu, mpini wake uliofungwa kitambaa chekundu. Sasa hivi, alijiambia. Hata nusu ya fungu ingetosha kumwomba mzee angoje. Sema.

Mbili.

Ulimi wake ulikuwa mzito kama mchi wenyewe. Wanawake kumi walikuwa wanamtazama, na mmoja wao alikuwa tayari ameinua mikono kupiga makofi. Alifungua mdomo. Alifikiria namna neno la kwanza litakavyotoka, namna watakavyomwuliza alijuaje, lini, nani alimwambia, na kwa nini alinyamaza wakati wote ule.

Tatu.

Makofi yalipigwa. "Mutoto muzuri," alisema Naomie, na Mama Angélique alikuwa tayari amekunja kitenge kwa pembe zake nne, pesa ndani, akimpa Chimène mkononi. "Beba weye. Ni zamu yako. Bahati itakujua."

Walivuka barabara wote pamoja, kama wanawake wanaokwenda kumpokea bibi harusi. Wenye pikipiki walipiga honi. Dady aliwaona wakiingia, akawaondoa vijana kwenye benchi la mbele.

"Muache ba mama wakae. Leo iko sikukuu?"

"Leo mbwa wa tano anakula," alisema Mama Angélique.

"Mungu akipenda," alisema Dady. Alijua kulitumia hata jina hilo.

Larissa, nyuma ya wavu, alimwona Chimène na kitenge kile. Uso wake ulibadilika. "Yote?" aliuliza taratibu. Mama Angélique alijibu kwa ajili yake: "Nusu kwanza. Sisi si wajinga."

Chimène alifungua pembe za kitenge. Fundo la mwisho lilikaza, vidole vikateleza, na kengele ya mbio ikalia kabla hajamaliza. Walikosa mbio hiyo. Mbwa wa kwanza alishinda. "Ishirini na mbili," walinong'ona akina mama, wakafurahi. Njaa ilikuwa imeongezeka. Mbio iliyofuata karatasi ilikuwa tayari mkononi. Mbwa sita walitoka kwenye masanduku yao bila kutimua vumbi. Wa tano, mwenye fulana ya zambarau, aliongoza mpaka kona ya mwisho, na wanawake kumi na mmoja walisimama wakimwita kama mtoto anayevuka barabara. Wa tatu alimpita.

Mama Angélique alichukua nusu iliyobaki kutoka kwenye kitenge bila kuomba, akaisukuma chini ya wavu. Mkono wa Larissa ulikaa juu ya pesa hiyo kwa kitambo.

"Fanya kazi yako," Dady alimwambia kutoka nyuma.

Larissa alifanya kazi yake. Mbwa walitoka. Safari hii wa tano hakuongoza hata mara moja. Alikimbia nyuma ya wote, kwa utulivu, kama mtu asiyemjua mtu yeyote pale ndani.

Likelemba ya miezi sita ilikuwa imekwisha kwa dakika nane. Walibaki wamekaa. Kengele ikalia tena, na kwa kuwa hawakuwa na nguvu ya kuondoka, waliitazama na mbio hiyo, mikono mitupu magotini. Mbwa wa tano alitoka kwenye sanduku, akawaacha wenzake mbali, akashinda.

*

Walitoka nje wakiwa wanapiga kelele. Jua lilikuwa kali, na watu wa sokoni walisogea kutazama, maana kilio cha wanawake kumi na mmoja hakikosi wasikilizaji. Mama Angélique alikuwa ameshika kichwa.

"Ilikuwa zamu yake. Si niliwaambia? Ilikuwa zamu yake. Mbio moja tu."

"Mlikuwa na haraka, ba mama," alisema Dady akiwa mlangoni. Alikuwa ameleta chupa mbili za maji baridi, akazitoa kwa mikono miwili, kwa adabu. "Mbwa mumemuona wenyewe, amekula. Siku ingine muje na subira."

"Hakuna haraka," alisema Mama Angélique. "Ni huyu." Aligeuka, akamwelekezea Chimène kidole cheusi. "Huyu na fundo lake. Mutu anafungua kitenge kama anafungua maiti. Tungewahi mbio ya kwanza, bahati isingetukimbia. Umetuua, Chimène. Unajua kama umetuua?"

"Ametuua kweli," alisema mwingine.

"Na hata kulia halii. Muangalieni. Amesimama kama mti."

"Muacheni," alisema Mama Delphine, lakini kwa sauti ndogo. Alikuwa anatazama chini. Kisha akasema kwa upole, kama anayefunga mlango: "Pesa ilikuwa yake, na yeye mwenyewe alikubali. Yamekwisha. Jumatatu tutaanza likelemba mpya. Chimène yeye ni kijana, hana mume, hana mtoto. Atangoja tu."

Saa ilikuwa inakaribia tisa. Kule kwa Papa Sefu mtu wa Isangi pengine alikuwa anazungusha mpini wa mashine, anauliza bei mara ya mwisho. Chimène alikikunjua kitenge kitupu, akakikung'uta vumbi, akajifunga kiunoni.

"Sikukubali," alisema.

Hakusema kwa nguvu. Ila kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akisema kitu bila kuulizwa, kelele zilipungua.

"Unasema nini?"

"Sikukubali leo. Siku ya homa ya mtoto wako, Mama Angélique, sikukubali. Siku ya matanga ya kaka yake Naomie, sikukubali. Mulipiga makofi tu."

"Mchi uligonga mara tatu," alisema Mama Delphine. "Kama hukukubali, mbona hukusema?"

"Nilikuwa na maneno mengi. Lile moja lilishindwa kupita." Chimène alishusha pumzi. "Mule ndani hakuna zamu. Ile kompyuta haikumbuki nani alikula na nani hakula. Mbwa hangoji. Ni ninyi munangoja. Nimelijua hilo mwezi mzima."

Mlangoni, Dady aliacha kutabasamu. "Nani alikuambia hivyo?"

Chimène hakumtazama, wala hakutazama kwenye wavu. Kunyamaza kwa ajili ya mtu mwingine bado aliweza.

"Mwezi mzima?" Mama Delphine alimkaribia. Uso wake ulikuwa umevimba kwa jua na kwa aibu. "Ulijua, Chimène? Umetuona tunaingia mule kila siku, umeniona mimi na kitenge kichwani, na ulijua?"

"Nilijua, Mama."

Wanawake walikuwa wamemzunguka. Mmoja alimwita mchawi, mwingine akatema mate chini karibu na miguu yake. Mama Delphine aliinua mkono kuwatuliza. Yeye ndiye aliyemlea, na hata sasa alikuwa anamtafutia njia ya kutoka.

"Uliogopa," alisema. "Semeni mnachotaka, mutoto huyu ni mwoga toka kuzaliwa, ninyi wote munajua. Uliogopa, si ndiyo? Sema tu kwamba uliogopa."

Ilikuwa rahisi. Angeitikia kwa kichwa mara moja, kama alivyozoea, na kesho angekuwa nyuma ya kinu chake, mtoto mzuri asiye na mdomo, wa mwisho katika orodha.

"Asubuhi ya kwanza niliogopa," alisema Chimène. "Jioni yake Mama Angélique alirudi analia, na mimi nilifurahi. Mulikuwa mumenipita mara mbili, nikaona, na mbwa naye awapite ninyi. Kila mulipotoka mule mikono mitupu nilifurahi, Mama. Hata weye. Hata jana nilifurahi."